Vidanji mjini Goma: mafuta yanayouzwa, kazi inayofanywa, na saa ambazo injini inaweza kuvumilia

Ukifanyiwa vidanji, yaani kubadilishiwa mafuta ya injini, hapa Goma, mara nyingi fundi atakubandikia kikaratasi pembeni ya kioo: kilomita za leo, na kilomita za kurudi, tofauti ikiwa 5,000. Kwa gari linalokwenda Rutshuru na kurudi kila siku hesabu hiyo inafaa. Kwa gari linalozunguka kati ya mitaa ya Birere, Katindo, Majengo na Ndosho inachosha injini polepole hadi siku inapoanza kula mafuta, na mwenye gari hajui amekosea wapi kwa sababu kikaratasi alikifuata vizuri. Ndiyo maana hapa huduma za vidanji na mafuta yanayouzwa mjini vinapimwa kwa saa za injini. Mwenye grupu (jenereta) ya umeme nyumbani anahesabu saa bila kufundishwa. Injini ya gari lake nayo inachakaa kwa saa.

Fanya hesabu. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara wazi linamaliza kilomita 5,000 kwa saa 100. Gari hilohilo mjini, ukijumlisha kusimama kwenye ronpwe (mzunguko wa barabara) ya Tchukudu, mashimo, na kungoja abiria huku injini inawaka, likiwa na wastani wa kilomita 15 kwa saa, litatumia saa 333 kufikisha kilomita zilezile. Mafuta ni yaleyale, kazi imezidi mara tatu. Kiwango tunachoshauri kwa gari la esansi (petroli) lenye afya ni saa 200 kwa mafuta mazuri ya kawaida, na saa 250 hadi 300 kwa mafuta ya sintetiki. Kwa mwendo wa mjini, saa 200 ni kama kilomita 3,000.

Huna mita ya saa kwenye gari? Kadiria. Gari la nyumbani linalowaka saa moja na nusu kwa siku, siku sita kwa wiki, linafikisha saa 200 baada ya wiki 22 hivi. Gari la kazi la saa nne kwa siku linazifikisha baada ya wiki nane. Taksi inayowaka saa kumi kwa siku inazimaliza kwa wiki tatu na siku chache. Na hata kama gari limelala uani, miezi 6 isipite, kwa sababu unyevu na asidi vinafanya kazi hata injini ikiwa imezimwa.

Goma ina mambo yake matatu yanayoyachosha mafuta. La kwanza ni vumbi. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mawe yake ndiyo yaliyojengewa na kumwagwa barabarani. Magurudumu yanayasaga kuwa vumbi jeusi lenye chembe ngumu. Chembe hizo mara nyingi haziingii kwenye mafuta kwa kupitia kizibo cha juu. Zinaingia na hewa. Filta ya hewa ikiwa imepasuka, imekaa vibaya kwenye boksi lake, au imepigwapigwa ukutani ili "isafike", vumbi linapita hadi kwenye silinda, linateremka na mafuta, na kuanza kusaga segmenti (pete za pistoni) na kusineti (beringi za shafti kubwa). Filta ya mafuta haitakuokoa hapo: inakamata vizuri chembe kubwa, lakini zile ndogo sana zinapita, na ndizo zinazotoshea katika nafasi nyembamba kati ya shafti na kusineti. Kwa hiyo vidanji isiyoangalia filta ya hewa ni nusu ya kazi. Filta ya hewa ya karatasi ipulizwe kwa presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, kisha uiweke mbele ya taa: ukiona tundu la mwanga, tupa.

La pili ni safari fupi. Kutoka Himbi hadi Birere injini haipati muda wa kuyachemsha mafuta vya kutosha. Maji yanayotokana na uchomaji, pamoja na esansi isiyoungua, yanateremka kwenye karta, bakuli la mafuta chini ya injini, na kubaki huko. Mafuta yanakuwa mepesi na yenye asidi, na chini ya kizibo cha kujazia unaona ute wa rangi ya maziwa ya chai. Injini za Toyota za D-4, kama 1AZ-FSE iliyo kwenye baadhi ya Noah, zinaumia zaidi kwa sababu esansi inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na sehemu yake inapaka kuta. Kwa injini hizo punguza hadi saa 150.

La tatu ni kimo. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na presha ya hewa hapa ni pungufu kwa kadiri ya asilimia 15 kuliko pwani. Injini ya mazutu (dizeli) isiyo na turbo, kama 1HZ ya Land Cruiser, ambayo pampu yake haikurekebishwa kwa kimo hiki, inapewa mazutu mengi kuliko hewa iliyopo. Moshi mweusi unaouona nyuma una ndugu yake ndani: masizi yanayoingia kwenye mafuta. Kwa 1HZ ya namna hiyo, saa 250 zikifika, usiongeze hata moja.

Sasa mafuta yenyewe. Dukani watu wanauliza jina na namba ya uzito, kama 20W-50, basi. Geuza bidoni (dumu) usome nyuma herufi za API, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya mafuta, kwa sababu ndizo zinazokuambia mafuta yalitengenezwa kwa ajili ya injini za wakati gani. Herufi inayoanza na S ni ya esansi, C ni ya mazutu, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo mafuta yanavyokuwa ya kisasa.

Bidoni ya bei ya chini yenye maandishi 20W-50 na API SF: alama 3 kwa 10. API yenyewe inasema SF haifai kwa magari ya esansi yaliyotengenezwa baada ya mwaka 1988. Vitz, Ist na Probox zilizojaa mjini ni za miaka mingi baadaye. Mafuta haya yanalainisha, ndiyo, lakini dawa ya kusafisha iliyomo ni kidogo, na injini inajaa tope gumu chini ya kifuniko cha valvu. Mtu asiye na uwezo wa kununua mengine ayabadilishe kila saa 100, na akifanya hesabu ataona kwamba hakuokoa kitu.

15W-40 au 20W-50 yenye API SL au mpya zaidi: alama 7. Haya ndiyo chaguo la busara kwa injini iliyochoka inayokula mafuta kidogo, na kwa injini za zamani zisizo na VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu. Kati ya hizo mbili tunapendelea 15W-40. Hali ya hewa ya Goma ni ya baridi ya wastani na hakuna joto linalodai uzito wa 50.

5W-30 ya sintetiki yenye API SN au SP: alama 9 kwa injini ndogo za Toyota kama 1NZ-FE, 2NZ-FE na injini nyingine za VVT-i zenye afya. Hapa tunagombana na imani kubwa ya mjini, kwamba mafuta mazito ndiyo yanayolinda. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, mafuta ya daraja la 30 yana mnato kati ya 9.3 na 12.5 cSt (sentistoksi, kipimo cha uzito wa mafuta), yale ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti hiyo ni kubwa. VVT-i inageuza shafti ya kamu kwa nguvu ya mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo na kichujio cha waya kilicho karibu na valvu yake. Mafuta mazito yanafika kwa kuchelewa, asubuhi hasa, na ule mlio wa chuma wa sekunde za kwanza ndio uchakavu unaousikia kwa masikio yako. Kama kitabu cha gari kinasema 5W-30 na injini haili mafuta, weka 5W-30. Alama moja tumeikata kwa sababu ya maandishi ya kilomita 10,000 yaliyo kwenye baadhi ya bidoni: yanadanganya mtu wa Goma, hata kama ni kweli mahali penye lami safi.

Kwa mazutu, tafuta 15W-40 yenye API CI-4. CH-4 ni ya chini kidogo lakini inafaa. Shell Rimula na Rubia ya TotalEnergies ni familia za mazutu. Helix na Quartz ni za magari madogo, kwa hiyo usichukue tu kwa kuzoea nembo. CI-4 inabeba masizi yakiwa yametawanyika, hayagandi. Kwa 1HZ na 1KZ-TE, injini za mazutu za Toyota, tunaipa 9. Magari mapya ya mazutu yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi yanahitaji mafuta mengine yenye majivu machache, CJ-4 au CK-4, fuata kitabu.

Mafuta ya kupimiwa kwa lita kutoka kwenye pipa lililo wazi: alama 1. Hujui ni daraja gani, hujui yamekaa na vumbi kiasi gani, na huna wa kumrudia.

Bidoni za kujaziwa upya nazo zipo kila soko. Angalia pete ya kizibo: ikatike mbele yako. Chini ya kizibo kuwe na foili iliyoshikana vizuri kama bidoni za aina hiyo huwa nayo. Namba ya toleo na tarehe ziwe zimechapwa kwenye plastiki yenyewe, zisifutike kwa kidole. Weka bidoni mbili za aina moja sambamba: ujazo ulingane na lebo zikae sawa. Ukimaliza, toboa bidoni yako tupu. Inayobaki nzima inarudi sokoni ikiwa na kitu kingine ndani.

Kuhusu kazi: mjini kuna vidanji za namna tatu, kando ya barabara, kwenye vituo vya esansi, na garajeni.

Ya kando ya barabara ni ya haraka na ya bei nafuu, na mafundi wengi wana mikono mizuri kabisa. Kasoro yake ni mahali. Gari linasimama juu ya mawe yaliyoinama, karta inabaki na mafuta machafu upande mmoja, na upepo unapuliza vumbi kwenye tundu la kujazia. Fundi akikubali kusogeza gari mahali tambarare na kufuta kizibo kabla ya kukifungua, tunampa 6. Asipokubali, 3.

Kituo cha esansi chenye shimo la kushukia kinapata 7, kwa sababu ya usawa wa gari na mwanga. Uangalie tu kwamba filta imebadilishwa kweli. Haraka ya foleni inamfanya kijana aifute kwa kitambaa na kuiacha palepale. Garaje nzuri tunaipa 8, kwa sababu moja: gari likiwa juu, fundi anaona karta. Goma karta zinapigwa na mawe. Karta iliyobonyea ndani inasogea karibu na mdomo wa kunyonyea mafuta, na mdomo ukizibwa presha inashuka hata jauji (kijiti cha kupimia mafuta) ikionyesha mafuta yamejaa. Gari lisilo na bamba la kinga chini lirudishiwe bamba hilo kabla ya kununuliwa mafuta ya ghali.

Kazi yenyewe iende hivi. Injini iwashwe dakika 5 hadi 10, mafuta yapate moto na uchafu ubebwe. Zima, weka gari tambarare, fungua kizibo cha karta; Toyota ndogo nyingi zinachukua funguo namba 14. Acha yatiririke dakika 15, siyo hadi uzi wa kwanza ukatike. Rondeli (washa) ya kizibo ni mpya kila mara. Kukaza kizibo ni kama 37 N·m, yaani mkono mmoja kwenye funguo ya kawaida bila kurefusha kwa bomba. Nyuzi za karta zinakufa kwa bomba, na baada ya hapo ni kuchomelea, gundi na matone uani.

Filta ibadilishwe kila vidanji. Mzee wa garaje atakuambia mara moja kwa mbili inatosha. Hapa, kwa vumbi hili, haitoshi. Ukiiacha ya zamani kwenye 1NZ-FE unabakiza karibu decilita tatu za mafuta machafu ndani ya mapya. Filta ya 1NZ-FE na 1ZZ-FE yenye namba 90915-YZZE1 ni ya kawaida, na nakala zake ni nyingi. Nakala mbaya inakosa vali ya mpira inayozuia mafuta yasirudi chini injini ikizimwa. Tazama ndani ya vitundu vya pembeni, mpira unaonekana. Hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, maana mipira miwili juu kwa juu inamwaga mafuta yote kwa dakika chache. Paka mpira mpya mafuta, zungusha kwa mkono hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Basi.

Kiasi ndicho kinachoharibiwa zaidi. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Bidoni ni ya lita 5, patron amelipa, fundi anamimina yote. Lita moja na ushei inayozidi inafikiwa na shafti kubwa ya injini, inapigwa hadi povu, na povu halilainishi kitu; sili zinaanza kuvuja na moshi wa bluu unatoka nyuma. Upande wa pili, Prado au Hilux ya 1KD inataka karibu lita 7, na 1HZ karibu 9 hadi 10. Bidoni moja ikiisha, mtu anaambiwa "inatosha, Patron". Haitoshi. Mimina pungufu kidogo ya kipimo, washa bila kukanyaga, subiri taa nyekundu izime ndani ya sekunde chache, zima, ngoja dakika 5, soma jauji, ongeza hadi karibu na alama ya juu. Mafuta yaliyobaki ni yako, ondoka nayo. Utayahitaji ya kuongezea, hasa kama una 1ZZ-FE ya kabla ya 2005 au 2AZ-FE, ambazo zinajulikana kwa kula mafuta. Lakini kuongeza siyo kubadilisha: uchafu wa zamani unabaki palepale.

Ukiona fundi anataka kumimina mazutu au petroli ya taa ndani ya injini na kuiwasha "ioshe", mzuie kwa heshima. Kimiminika hicho hakibebi uzito wa kusineti, na kinang'oa tope ambalo litaziba mdomo wa kunyonyea. Injini chafu inaoshwa kwa mafuta mazuri yanayobadilishwa mara mbili au tatu kwa saa 50 kila mara.

Usiamini rangi peke yake. Mafuta ya injini ya mazutu yanakuwa meusi baada ya siku chache, na ni kazi yake. Dondosha tone la jauji kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, lala nalo. Tone lenye duara la kijivu linalosambaa polepole bado linafanya kazi. Tone lenye kitovu cheusi chenye ukingo mkali limeshindwa kubeba masizi. Likinuka esansi, tafuta plagi au injekta mbovu. Na taa nyekundu ya mafuta siyo taa ya vidanji: inawaka presha ikiwa imekwisha, na gari lizimwe hapohapo, hata kama uko katikati ya barabara ya Sake.

Wamotari wana hesabu kali zaidi. Pikipiki za Boxer na TVS zina karibu lita moja tu, inayolainisha injini, gia na ambreyaji (klachi) kwa pamoja, na injini inapozwa kwa hewa. Badilisha kila saa 75 hadi 100, yaani kilomita 1,500 hadi 2,000. Motari anayefanya kazi siku nzima anafika hapo ndani ya wiki moja na nusu hivi. Tafuta maandishi JASO MA au MA2, alama ya mafuta yanayofaa ambreyaji ya pikipiki. Mafuta ya gari yaliyotengenezwa kuokoa esansi yana utelezi wa ziada, na ambreyaji inaanza kuteleza ukipanda na abiria wawili.

Mafuta machafu yaende wapi, hilo nalo liwe sehemu ya alama unazompa fundi. Mwamba wa lava una matundu, maji yanapenya chini na kuelekea Kivu, ziwa ambalo mji huu unachota maji ya kunywa. Fundi mwenye pipa lenye kifuniko tunamwongezea alama moja; anayemwaga shimoni tunamkata tatu, hata kama mkono wake ni wa dhahabu. Wanaoyachukua kupaka mbao za nyumba dhidi ya mchwa wavae glavu, wapake nje tu na siyo chumbani, na watoto wasishike mbao hizo zikiwa bado mbichi: mafuta yaliyotumika yana kemikali zinazosababisha kansa ya ngozi kwa anayeyagusa miaka mingi. Mikono inaoshwa kwa sabuni, siyo kwa esansi.